Kaunta ya sushi Tokyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Tokyo, na kila inapokaribia miezi ya maua ya sakura simu yangu haitulii. Mmoja anakuja kwa mkutano, mwingine kwa fungate, mwingine amedunduliza miaka, na wote wanataka angalau mara moja wakae mbele ya mpishi wa sushi wa kweli. Maswali yao yanafanana mno, kwa hiyo nimeyaweka mahali pamoja. Ninazungumzia mikahawa midogo ya hadhi ya juu ya mtindo wa kale wa Tokyo: kaunta ya mbao, viti vinane au kumi, mpishi mmoja mbele yako, na mara nyingi hakuna menyu. Sushi ya boksi la supamaketi nayo ina raha yake, lakini siyo ya leo.

Nimeona neno "Edomae" kila mahali. Ni nini?

Edo ni jina la zamani la Tokyo, na "mae" ni mbele. Edomae ni "mbele ya Edo", yaani ile ghuba iliyoutazama mji na kuulisha samaki. Sushi unayoijua wewe, kitonge cha wali chenye kipande cha samaki juu, ilishika kasi hapo katika miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha kibandani. Mtu alisimama, akala viwili vitatu, akafuta mkono, akaenda zake, kama tunavyosimama kwa muuza mishikaki jioni. Vitonge vyenyewe vilikuwa vikubwa mara mbili hata tatu kuliko vya leo.

Kabla ya hapo sushi ilikuwa kitu kingine kabisa: samaki aliyevundikwa ndani ya wali kwa miezi mingi hadi akachacha, kisha wali ukatupwa na samaki akaliwa. Pembezoni mwa ziwa Biwa bado wanatengeneza ya namna hiyo, inaitwa funazushi, na harufu yake haina upole. Watu wa Edo hawakuwa na subira hiyo. Walitia siki kwenye wali, wakapata uchachu siku hiyo hiyo.

Tena hawakuwa na barafu. Samaki ilibidi alindwe: huyu atiwe chumvi kisha siki, yule alowekwe kwenye mchuzi wa soya, wa tatu achemshwe. Wapishi wa Edomae mpaka leo huita maandalizi haya "shigoto", yaani kazi, na ndiyo unayoilipia. Anayedhani sushi ni kukata samaki mbichi na kumlaza juu ya wali hajaona mpishi anayeanza kazi alfajiri kwa chakula cha jioni.

Ilikuwaje chakula cha Tokyo kikawa cha Japani nzima?

Sababu zipo kadhaa, ila ninayoipenda ni ya mwaka 1947. Baada ya vita chakula kilikuwa cha mgao na mikahawa ilifungiwa biashara. Wauza sushi wa Tokyo wakajenga hoja kwamba wao hawauzi chakula, wanatoa huduma ya kutengeneza tu: mteja alete kipimo kimoja cha mchele, takriban mililita 180, aondoke na vitonge kumi. Serikali ikakubali, na wapishi wa mikoa mingine waliotaka kufungua milango nao wakaufuata utaratibu huo. Mtindo wa Tokyo ukaenea kwa mlango huo mdogo wa sheria.

Omakase ni nini? Siwezi kuchagua ninachokula?

Omakase ni "nakuachia wewe". Unamwachia mpishi aamue nini, lini na kwa mpangilio gani. Kwenye kaunta za hadhi ya juu siku hizi ndiyo njia ya kawaida, na mara nyingi ndiyo pekee. Ipo pia okonomi, ambapo unaagiza kimoja kimoja unachopenda, lakini hiyo inamfaa mtu anayejua majira ya samaki na lugha. Mgeni wa mara ya kwanza, mwachie mwenye nyumba.

Mwishoni mpishi huuliza kama unataka kuongeza chochote. Hapo ndipo pa kutaja kile kilichokugusa, ukijua kwamba nyongeza hulipiwa kivyake.

Nitapataje nafasi?

Hili huwaumiza watu kuliko bei. Kaunta ya viti nane yenye mizunguko miwili kwa usiku inapokea watu kumi na sita, na wengi wao ni wateja wa miaka. Kuna sehemu hazipokei mgeni asiyeletwa na mwenyeji. Sukiyabashi Jiro ya Ginza, ambako Barack Obama alikula na Waziri Mkuu Shinzo Abe Aprili 2014, iliondolewa kwenye mwongozo wa mikahawa bora wa Michelin wa 2020 baada ya kushika nyota tatu kwa miaka. Chakula hakikuwa na kosa lolote. Mkahawa tu haukuwa ukipokea tena nafasi kutoka kwa umma wa kawaida.

Njia zilizo wazi kwako ni mbili. Ya kwanza ni hoteli yako: ukilala kwenye hoteli nzuri, waandikie wahudumu wa mapokezi wiki kadhaa kabla, wakupigie simu kwa Kijapani. Ya pili ni tovuti za kuweka nafasi, ambazo nyingi zina Kiingereza na huchukua namba ya kadi yako kama dhamana. Soma masharti ya kughairi. Ukighairi siku yenyewe, kwa kawaida unakatwa pesa yote, na wana haki. Samaki wako ameshanunuliwa asubuhi.

Ushauri wangu: tafuta nafasi ya mchana. Baadhi ya kaunta hizo hizo, kwa mpishi yule yule, hutoa chakula cha mchana kwa bei ya chini sana.

Ni pesa ngapi?

Usiku, kaunta nyingi za kiwango hiki ni kati ya yen 20,000 na 50,000 kwa mtu mmoja kabla ya vinywaji, na zipo zinazopita hapo. Mchana unaweza kupata kitu cha heshima kwa yen 10,000 hadi 15,000. Angalia kama bei uliyoonyeshwa imejumlisha kodi ya asilimia 10 na tozo ya huduma. Ukilipa kwa kadi uliza mapema, kwa sababu wazee wengine wa kazi hii bado wanataka noti mkononi.

Nivae nini?

Nguo safi za heshima zinatosha. Suti si lazima. Kaptula na ndala ziache hotelini. Vaa soksi nzima, huenda ukavua viatu.

Cha kuangalia zaidi ya nguo ni harufu. Hapa nakiri kosa langu. Mara ya kwanza nilialikwa na rafiki, nami kwa kutaka kupendeza nikafanya kama ninavyofanya siku ya harusi: nikajifukiza udi, nikajipaka na marashi juu yake. Nilikaa kwenye kaunta ya watu wanane katika chumba kisichozidi sebule ya kwetu. Hakuna aliyesema neno, Wajapani hawasemi, lakini jirani yangu wa kushoto alikula nusu ya mlo akiwa amegeuza bega. Samaki mweupe ana ladha nyepesi kama mnong'ono. Ukiingia na udi, umeingia na tarumbeta. Oga, basi. Hata losheni yenye harufu kali mikononi iache.

Vua na saa au bangili nzito. Kaunta nyingi ni za mbao za hinoki, kipande kimoja kirefu chenye thamani ya gari, na chuma huikwaruza.

Nikichelewa dakika kumi na tano?

Usichelewe. Wote mnaanza pamoja, na wali umepikwa kwa kulenga saa yenu. Ukiona treni imekwama, piga simu au waambie hoteli wapige. Kufika nusu saa kabla nako ni usumbufu. Dakika tano zinatosha.

Nile kwa mkono au kwa vijiti?

Vyovyote. Na hapa watu wa pwani tunayo faida ambayo hatuijui. Neno nigiri latokana na kufumbata kwa mkono, na kile kilicho mbele yako ni tonge. Tonge lililobanwa kwa nje ili lishike na kuachwa na hewa ndani ili liachane mdomoni. Vijiti vikishikwa na mtu asiyevizoea hulivunja. Vidole haviwezi kulivunja. Utapewa kitambaa kibichi kidogo cha kufutia vidole, hiyo ndiyo kazi yake. Lichukue kwa ubavu, kwa kidole gumba na viwili vya mbele, ulitie mdomoni zima. Kung'ata nusu na kurudisha nusu sahani hakupendezi. Kama ni kubwa kwako, mwambie mpishi apunguze wali, atafanya mara moja bila kinyongo.

Ukitumia vijiti, mambo mawili usiyafanye: usivichomeke wima kwenye wali, na usimpokeze mwenzako kipande kutoka vijiti hadi vijiti. Yote mawili ni ya msibani. La pili hasa, kwa sababu ndivyo familia inavyookota mifupa ya marehemu baada ya kuchoma maiti.

Mbona sikupewa kibakuli cha soya wala wasabi?

Kwa sababu vimeshatiwa. Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, imepakwa kati ya samaki na wali, na juu mpishi amepitisha brashi ya nikiri, soya iliyochemshwa na mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au sake (pombe ya mchele ya kunywa) ili ukali wake upungue. Mkunga wa baharini, anago, hupakwa tsume, mchuzi mzito mtamu wa supu yake mwenyewe. Kwa hiyo kula kama kilivyo. Ukikikuta kibakuli cha soya kwenye kaunta, kwa kawaida ni cha vipande vya samaki visivyo na wali. Ukilazimika kuchovya kitonge, kigeuze uchovye upande wa samaki, kwani wali ukinywa soya unabomoka na chumvi inakuwa ya kufa.

Wasabi yenyewe, kama hujawahi kuila halisi, itakushangaza. Ile ya kijani kwenye bomba ambayo wengi tumeizoea huwa ni mzizi wa jamii nyingine, unaofanana na haradali kwa ukali, uliotiwa rangi. Hapa utaona mpishi akisaga shina bichi kwenye kibao kilichofunikwa ngozi ya papa. Ni tamu kidogo, inapanda puani halafu inashuka, na harufu yake hufifia baada ya dakika chache, ndiyo maana anasaga kidogo kidogo.

Tangawizi ya siki, gari, ni ya kusafisha ulimi baina ya kitonge na kitonge. Usiilaze juu ya samaki.

Kwa nini mpishi ananitazama kama nimekosea nikisubiri?

Hujakosea, unachelewa. Wali wa sushi hutolewa ukiwa na joto la mwili, samaki akiwa baridi kidogo tu kuliko wali, na mpishi amepiga hesabu vikutane mdomoni mwako. Hesabu hiyo ina sekunde chache. Kitonge kilichozungushiwa nori ni kibaya zaidi: karatasi ile ya mwani ni kavu kama papadi inapotoka mkononi mwake, na kabla hujamaliza hadithi yako imeshalegea kama kitambaa. Katika baadhi ya kaunta hakiwekwi sahani kabisa, anakukabidhi mkononi. Pokea, tia mdomoni, hadithi itasubiri.

Wageni wetu hujiona wanaharakishwa, hasa wale waliolelewa kusubiri mpaka wote wawe wamepakuliwa ndipo bismillahi isemwe. Nimewahi kumwona mzee wetu mmoja akimsubiri mkewe apewe chake, na mkewe akimsubiri yeye, vitonge vinapoa vyote viwili. Kwenye kaunta ya sushi kumsubiri mwenzako si adabu. Chako kikifika ni chako.

Mbona wali wenyewe una rangi ya kahawia?

Ni siki nyekundu, akazu, inayotengenezwa kwa machicha ya sake yaliyokaa miaka. Nakano Matazaemon wa mji wa Handa alianza kuitengeneza tangu 1804 na kuiuza Edo, na ilipendwa kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi kuliko siki ya mchele na ina utamu wake wenyewe, bila kuhitaji sukari nyingi. Baada ya vita siki nyeupe ilitawala, na sasa nyekundu imerudi kwa nguvu. Wapishi wengine huwa na aina mbili za wali usiku mmoja, mweupe kwa samaki wepesi na mwekundu kwa jodari na wenye mafuta.

Na kama kuna kitu kimoja ningependa ukitilie maanani jioni hiyo, ni wali. Samaki mzuri hununuliwa sokoni na yeyote mwenye pesa na jamaa wa kumuuzia. Wali haununuliwi. Mchele, maji, moto, siki, kupepea, kusubiri: kila kaunta ina wake, na wapishi wenyewe wanapotembeleana huulizana habari za wali kwanza. Wana msemo wa zamani kwamba kupika wali ni miaka mitatu na kufumbata ni minane. Siku hizi vijana wapo wanaofungua kaunta mapema zaidi na wanasifiwa, lakini mama zetu wa pwani wanaojua tofauti ya wali uliochambuka na bokoboko hawatashangaa kwamba mtu anaweza kutumia miaka mitatu hapo.

Samaki ni mbichi kabisa? Na minyoo?

Baadhi ni mbichi, wengi wamefanyiwa kazi. Kohada, samaki mdogo wa ngozi ya fedha mwenye umbo kama dagaa-papa, hutiwa chumvi kisha siki kwa dakika zinazobadilika kulingana na unene wake na hali ya hewa ya siku hiyo. Wajuzi humpima mpishi kwa kohada, si kwa jodari. Kamba wa kuruma huchemshwa. Pweza huchemshwa taratibu hadi alainike. Samaki bapa kama hirame hulazwa kati ya majani mapana ya mwani wa kombu. Na jodari, tofauti na tunavyodhani, haliwi akiwa ametoka majini leo. Hupumzishwa siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, mpaka nyama ilainike na ladha ikolee.

Minyoo ipo, na anayeitwa anisakisi ndiye wa kuogopwa, hasa kwa samaki ambaye Wajapani humwita saba, jamaa wa vibua wetu. Siki haimuui. Wasabi haimuui. Kinachomuua ni moto, au kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa kutosha. Wizara ya afya ya Japani inataja saa 24 au zaidi. Wapishi pia humtafuta kwa macho na taa, na huondoa matumbo mapema kwa sababu ndiko anakokaa. Usirudi nyumbani ukamkata sato wa ziwani ukamla hivyo. Samaki wa maji baridi wana minyoo yao, na hakuna aliyewafanyia kazi hii.

Samoni yuko wapi?

Kwenye kaunta ya Edomae yenye msimamo huenda usimwone kabisa. Samoni wa huku alikuwa na minyoo mno kuliwa mbichi, hivyo hakuingia kwenye mapokeo. Aliyemleta ni Mnorwei: kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Norwei ilifanya kampeni ya kuwauzia Wajapani samoni wa kufugwa, na akapokelewa zaidi kwenye sushi za bei nafuu. Utakayemwona ni mayai yake, ikura, ambayo hata jina lake si la Kijapani. Ni la Kirusi.

Jodari huyu ni yule wetu?

Ni ndugu yake. Tunaowavua zaidi pwani ya Afrika Mashariki ni jodari wa mapezi ya njano. Kaunta hizi hutumia jodari mkubwa wa buluu, hon-maguro, anayeweza kupita kilo 200. Utapewa sehemu tatu: akami, nyama nyekundu ya mgongoni, chutoro, yenye mafuta kiasi, na otoro ya tumboni inayoyeyuka ulimini. Enzi za Edo ile otoro ilitupwa. Iliitwa kitu ambacho hata paka hukiruka, kwa kuwa mafuta yaliharibika haraka na hayakushika soya. Leo watu wanaililia. Mimi nikipewa uchaguzi nachukua akami iliyolowekwa kwenye soya, na najua wengi hawatakubaliana nami.

Jodari hawa hupigwa mnada alfajiri katika soko la Toyosu, lililochukua nafasi ya Tsukiji Oktoba 2018. Kwenye mnada wa kwanza wa Januari 2019 mmoja wa kilo 278 kutoka Oma aliuzwa kwa yen milioni 333.6. Hiyo ni bei ya matangazo na ya kufungulia mwaka, usiitumie kupima bili yako.

Mimi ni Mwislamu. Niende?

Samaki hana tatizo. Tatizo ni vinavyomzunguka. Nikiri ina mirin au sake, anago hupikwa navyo, yai la tamago mara nyingi limetiwa mirin, ambayo ina pombe ya asilimia 14 hivi. Soya ya asili huwa na pombe kidogo inayotokea yenyewe ikichacha, na siki nyekundu imetokana na machicha ya sake ingawa imeshageuka siki. Watu hutofautiana wapi pa kuweka mstari, na huo ni mstari wako na mwanazuoni unayemwamini.

La kufanya ni kusema unapoweka nafasi. Usiseme umeshakaa. Andika wazi: sili nguruwe, situmii mirin wala sake hata kwenye mchuzi. Wengine watajibu kwamba hawawezi, na jibu hilo ni uaminifu. Wengine wataandaa soya tupu na chumvi, wataruka anago na yai, na utakula vizuri tu. Nimekaa mara mbili na wageni wa Zanzibar kwa utaratibu huo.

Asiyekula samakigamba, mjamzito, mwenye mzio, kanuni ni hiyo hiyo: sema mapema. Mjamzito ningemshauri aahirishe, na aliye na mzio wa soya au samaki atafute mlo mwingine. Watoto wadogo, kaunta nyingi hazipokei.

Naweza kupiga picha? Kuzungumza?

Omba kwanza. Wengi hukubali chakula kipigwe bila mwanga na bila kupiga mpishi wala wageni wengine. Picha moja, haraka, kisha kula. Video ya kila kitonge hapana.

Kuzungumza ruhusa, kwa sauti ya chini. Mpishi huitwa "taisho". Kabla ya kula sema "itadakimasu", ukimaliza "gochisosama". Yako pia maneno ya ndani ya kazi ambayo mgeni akiyasoma hujisikia mjuzi: agari kwa chai, murasaki kwa soya, oaiso kwa bili. Achana nayo. Ni ya wapishi wao kwa wao, na oaiso hasa ikitoka kinywani mwa mteja inasikika vibaya. Sema "okaikei" kwa bili, au "ocha" kwa chai, inatosha.

Ninywe nini?

Chai ya kijani ya moto, inakata mafuta na ni bure. Wengi huagiza sake. Usipokunywa pombe, hakuna atakayekuuliza mara mbili.

Niache bakshishi kiasi gani?

Usiache. Ukiacha, kuna uwezekano wa kijana kukukimbiza barabarani akurudishie.

Je, wapo wapishi wanawake?

Wapo, wachache lakini wanaongezeka. Kulikuwa na hoja kwamba mikono ya mwanamke ni ya joto na ingeharibu samaki. Mwambie hayo mtu aliyelishwa na bibi yake maisha yote.

Na kama fedha hizo sina?

Basi nenda kwenye sushi ya kuzunguka kwenye mkanda, iliyobuniwa na Yoshiaki Shiraishi, aliyefungua ya kwanza mkoani Osaka mwaka 1958. Ina sahani za mamia machache ya yen, watoto wanapiga kelele, samoni tele. Au tafuta kaunta za kusimama karibu na stesheni, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizo karibu zaidi na kibanda cha Yohei kuliko hizi za hinoki. Unaonyesha kidole, unapewa viwili, unalipa, unaondoka.

Nitashiba?

Vitonge kumi na viwili hadi ishirini, pamoja na vipande vya mwanzo, supu ya miso na yai la mwisho lililo tamu kama keki. Wengi hushiba. Mjomba wangu mmoja, mtu wa pilau sahani mbili, alitoka akiwa kimya, tukafika kona ya mtaa, akageuka kuangalia kama mpishi bado amesimama mlangoni akiinama, kwa kuwa hapa humsindikiza mgeni mpaka apotee machoni. Alikuwa bado yupo. Mjomba naye akainama, akanyanyuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kiduka cha tambi mkabala na stesheni hufungwa saa ngapi.